Gari la zamani likigoma kuwaka, anza na platini
Kabla hujagusa kabureta, fungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi. Humo ndani ndimo zilimo platini, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itokee. Swichi ikiwa imezimwa na gia iko huru, zungusha injini kwa mkono mpaka platini ziachane kabisa, kisha pitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) katikati yake. Mara nyingi nafasi ni milimita 0.35 hadi 0.40, ila fuata kitabu cha gari lako. Kisigino cha platini, sehemu inayosuguana na kemu (mhimili wenye pembe unaozisukuma platini ziachane), huliwa polepole, nafasi inabana, taiming (wakati wa cheche kuruka) inachelewa na cheche inafifia. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu. Ikizidi hurukia platini. Zikiungua tena muda mfupi baada ya kusafishwa, shuku kondensa, kifaa kidogo kinachozuia cheche zisiunguze platini, usizilaumu platini. Ukishaseti, pima taiming upya, maana imehama.