Kabla ya kulibandika kundi jina: mambo ya kuzingatia kwa mtafiti wa Mombasa

Unajiandaa kuandika tasnifu juu ya makundi yanayoisukuma serikali ibadili sera hapa Mombasa? Weka dodoso kando kwanza, ushughulikie majina. Wasomi hawajaafikiana kuhusu namna ya kuyaita, na jina utakalochagua ndilo litakaloamua nani aingie kwenye utafiti wako na nani abaki nje.

Marekani, tangu enzi za Arthur Bentley (1908) na David Truman (1951), wamezoea kusema makundi ya maslahi. Waingereza wengi hupendelea makundi ya shinikizo. La kwanza linatazama kinachowaunganisha wanachama, la pili linatazama wanachokifanya. "Asasi za kiraia" ni pana mno, linabeba hata chama cha kuzikana ambacho hakijawahi kumwandikia mbunge barua. Vyama vinavyowania viti, viache kando.

Halafu jiulize kundi linampigania nani. Chama cha wafanyakazi wa bandarini kinatetea mishahara na ajira za wanachama wake, kwa hiyo ni kundi la maslahi bila ubishi. Owino Uhuru, mtaa wa mabanda hapa Mombasa, ndiko kwenye ugumu. Shirika la Phyllis Omido liliwatetea wakazi waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Vitabu vitakwambia hilo ni kundi la utetezi, linalopigania jambo na si mfuko wa mwanachama. Lakini Omido mwenyewe aliwahi kufanya kazi kiwandani humo, na mtoto wake alikutwa na sumu hiyo mwilini. Ukiandika "utetezi" ukaishia hapo, umemfuta mama aliyeanza na uchungu wa mwanawe.

Msomi wa siasa wa Uingereza, Wyn Grant, mwaka 1978, aliyagawa makundi kwa ukaribu wao na serikali: ya ndani, yanayoalikwa mezani, na ya nje. Mgawanyo huo unafaa, ila andika ni mwaka gani unaouzungumzia, maana makundi huhama.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: chunguza nani aliyelitoa jina. Mwaka 2010 serikali iliipiga marufuku MRC (Mombasa Republican Council), kundi lililodai Pwani ijitenge na Kenya, ikiiweka kwenye orodha ya makundi ya uhalifu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Mtafiti aliyenakili jina la 2010 bila kutaja chanzo aliwahukumu watu kabla ya jaji. Cheti cha usajili nacho kisikutoshe. Kinaonyesha hadhi ya kundi kisheria tu, si kazi linayoifanya.

Mwisho, andika fasili yako kwa aya moja, uipime kwa makundi matatu unayoyafahamu, mojawapo lisilosajiliwa. Likikataa kuingia hata moja, rekebisha fasili kabla hujapanda feri kwenda Likoni kuhoji watu.