Jinsi ya kumtafuta babu aliyekwenda manamba na hakurudi

Mwaka jana kijana mmoja alinipigia simu kutoka Kasulu, Kigoma. Babu yake mzaa baba aliondoka nyumbani kwenda manamba, yaani kukata mkonge Tanga kwa mkataba, akaaga kwamba mkataba ukiisha atarudi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Baba wa kijana ni mzee sasa, anataka kujua baba yake amelala wapi. Ilituchukua miezi saba, tukampata. Ninaandika njia tuliyopita kwa sababu familia zenye swali hili ni nyingi, Kigoma, Songea, Njombe, mpaka Burundi na Msumbiji. Mimi nimezaliwa Korogwe na marehemu baba alifanya kazi korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, kwa hiyo upande wa mashamba naujua.

Hatua ya 1: Wazee wa nyumbani kwanza

Usipande basi kabla ya kumaliza hapa. Nunua kauntabuku, kila mzee mpe ukurasa wake, andika alivyosema bila kumsahihisha. Programu za simu za kuchora ukoo sizipendi kabisa. Zinadai jina la ukoo na tarehe ya kuzaliwa, na hivyo ndivyo vitu ambavyo hatuna. Ukikosa kuvijaza unaanza kubuni, na baada ya mwezi umesahau kipi ulibuni.

Bibi zako usiwaache mwisho. Kwa uzoefu wangu wao ndio wanaokumbuka nani alimwacha nani na mimba ya miezi mingapi.

Hatua ya 2: Geuza matukio kuwa miaka

Mzee hatakwambia "1949". Atakwambia njaa, nzige, au mtoto fulani alikuwa anatambaa. Kwa upande wa Kigoma mimi hutumia vigingi hivi: reli kufika Kigoma, 1914, Wabelgiji kuingia 1916 na kukaa mpaka 1921, watu kuhamishwa kwa ajili ya malale, miaka ya 1930, Vita vya Pili, 1939 hadi 1945, Uhuru, 1961, kuhamia vijijini, miaka ya 1970. Shangazi wa kijana alisema babu aliondoka "vita vya Hitla vimekwisha, na kaka yangu hajaota meno". Kadi ya ubatizo ya huyo kaka ilionyesha amezaliwa 1949. Basi.

Mwaka huo ulitufaa kwa jambo jingine pia: tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, Silabu, iliyokusanya watu bara na kuwasafirisha kwa mkataba. Aliyekuja kwa Silabu alipangiwa shamba, hakuchagua. Kwa hiyo kama kuna jirani aliyeondoka naye siku moja akarudi, muulize huyo alipelekwa shamba gani.

Hatua ya 3: Jina

Hapa ndipo tulipopoteza miezi mitatu, nami nilipaswa kujua mapema. Tulizunguka kambi nne tukiuliza jina la Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, ambalo kijana alikuja nalo. Kila mzee alitikisa kichwa. Wengine walijitahidi kulitamka, wakashindwa.

Elewa yaliyolipata jina la babu yako njiani.

Kwanza, Waha wa zamani walimpa mtoto jina lake mwenyewe lenye maana yake. Halikuwa jina la baba, na ndugu wawili wa tumbo moja hawakufanana majina. Karani akauliza "baba yako nani?" kwa sababu fomu inataka, akaandika majina mawili pamoja. Kwa hiyo kwenye karatasi babu yako anaweza kuonekana na jina la pili ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kumwita.

Pili, karani aliandika alivyosikia. Jina linaloanza na Nta- mtu wa pwani anaweza kuliandika Ta- au Inta-. R na L zinabadilishana. Kabla ya kufungua kitabu chochote, lisome jina kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiha, mwambie aliandike. Rudia kwa watu watano. Namna hizo tano zote ndizo utakazotafuta.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wengi walisilimu pwani au walibatizwa, wakachukua jina jipya. Aliyeondoka na jina la Kiha aliishi miaka arobaini akiitwa Juma au Athumani, na nyuma yake watu wakaongeza kabila: Juma Muha, Juma Mngoni, Juma Mmanyema. Angalia hapo pia. Aliyetoka Kigoma aliweza kuitwa Mmanyema hata kama si Mmanyema, kwa kuwa wenyeji waliwachanganya.

Nne, jina la utani. Siku moja, kwenye kibaraza karibu na korona ya zamani, nililiacha lile jina kabisa. Nilimwuliza mzee, "Shikamoo babu. Hapa palikuwa na Muha yeyote miaka ya hamsini?" Akacheka. "Muha alikuwa Mwakeye." Nikamtazama kijana, naye kalamu imemwanguka. Mwakeye ni salamu ya Kiha ya asubuhi. Babu yake alikuwa akiwaamkia watu hivyo kila alfajiri wakienda kondeni, wakamwita hivyo mpaka anazikwa.

Kwa hiyo usiulize jina. Uliza kabila, kisha alama za mtu: kilema, urefu, namna ya kusalimu, alichokuwa akicheza siku ya mshahara.

Hatua ya 4: Uliza kambi na nyapara

Wazee wa mkonge wanasahau majina ya wenzao, nyapara wao, msimamizi wa kazi, hawamsahau. Uliza: mkataji au mtu wa korona? Kambi gani? Nyapara nani? Ukishapata nyapara, umepata watu thelathini au arobaini waliokuwa chini yake, na watoto wao wengine bado wanaishi hapo hapo.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa huko tuma sauti, usitume maandishi. Mjukuu atamsogezea babu simu sikioni, na jibu litakuja kwa sauti ya mzee mwenyewe. Sauti isizidi dakika moja.

Na kabla ya yote fika kwa mwenyekiti wa kitongoji, useme mbele ya watu kwamba hukufuata shamba wala nyumba. Mgeni anayeulizia marehemu hufikiriwa amekuja kudai mirathi, na midomo inafungwa. Lisemwe mapema, tena lisemwe na mtu wa pale.

Hatua ya 5: Vitabu vya parokia

Kama babu alibatizwa Mkatoliki nyumbani, rudi kwenye parokia ile ile. Akifunga ndoa mbali, taarifa hutakiwa irudishwe na kuandikwa pembeni ya jina lake katika kitabu cha ubatizo. Maandishi hayo madogo ya pembeni yanaweza kukutajia parokia ya Tanga bila wewe kusafiri. Majina ya zamani mara nyingi yako kwa Kilatini: Joannes ni Yohana.

Hatua ya 6: Nyaraka za Taifa

Nenda Upanga, Dar es Salaam, ukiwa tayari unajua shamba na miaka. Vitabu vya Wilaya vya wakati wa Mwingereza ni vizuri kwa habari za watemi na uhamisho wa vijiji. Kwa mkata mkonge mmoja usitegemee mengi.

Hatua ya 7: Familia ya pili

Babu aliyekaa ugenini miaka arobaini ana mke huko. Jiandae, na uwaandae wa nyumbani, hasa bibi kama yu hai. Sisi tulimkuta binti yake, mama wa makamo, Mbondei kwa mama. Hatukumwonyesha daftari siku ya kwanza. Tulikunywa chai, tukamwacha aulize yeye.

Siku ya tatu alitupeleka makaburini. Kaburi halina maandishi, lina mnyonyo uliopandwa kichwani na mawe matatu. Piga picha kaburi pamoja na kitu kisichohama, mti mkubwa au kona ya msikiti, uandike hatua kutoka hapo. Sisi tulihesabu hatua 64 kutoka kwenye mwembe.

Jioni kijana alimpigia baba yake Kasulu, akampa yule mama simu. Hakujua aseme nini. Akasema, "Mwakeye, kaka," ingawa jua lilikuwa limeshazama.