Somo: Kulinda macho ya mgonjwa wa sikoseli anayetumia dawa ya kuondoa chuma

Kila pakiti ya damu anayoongezewa mtu mzima huja na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, na mwili hauna njia ya kuyatoa. Kwa hiyo wanaoongezewa damu mara kwa mara hupewa deferoksamini, inayoingizwa chini ya ngozi kwa pampu usiku kucha, au deferasiroksi ya kumeza. Dawa hizi huokoa moyo na ini. Zisiachwe kwa hofu, ila macho yafuatiliwe.

Hatua ya 1: Pima kabla ya dozi ya kwanza. Omba wapime uwezo wa kusoma herufi, kila jicho peke yake, wapime utambuzi wa rangi na presha ya jicho, kisha waangalie lenzi na retina (utando wa nyuma ya jicho) baada ya kupanua mboni kwa matone. Majibu yote yaandikwe kwenye daftari la matibabu, maana mwakani daktari atahitaji cha kulinganisha. Matone huleta ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo mgonjwa asiendeshe boda siku hiyo. Rudieni kila miezi 12, pamoja na kipimo cha usikivu wa masikio.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya dozi na feritini (kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini). Hapa ndipo wengi huteleza. Feritini ikishuka, watu hufurahi na kusahau kwamba dozi ya deferoksamini nayo ilipaswa kushuka. Dawa nyingi kwenye chuma kidogo ndiyo inayodhuru macho. Zidisha miligramu kwa kilo kwa idadi ya siku za sindano kwa wiki, gawanya kwa 7, kisha gawanya kwa feritini. Jibu libaki chini ya 0.025.

Mfano: miligramu 40 kwa kilo, siku 5 kwa wiki, ni wastani wa 28.6 kwa siku. Feritini ikiwa 2,500, jibu ni 0.011, salama. Ikishuka hadi 1,000 na dozi ikabaki ileile, jibu ni 0.029. Mwonyeshe daktari hesabu hiyo.

Hatua ya 3: Jaribu nyumbani kila mwezi. Tundika kalenda ukutani, weka alama sakafuni, funika jicho moja, asome, kisha jingine. Jioni mwangalie anavyotembea kwenye mwanga hafifu: je, anagonga viti?

Hatua ya 4: Zijue dalili. Kutoona vizuri gizani, rangi kufifia, ukungu, au kuona katikati tu huku pembeni kukipotea: simamisha dawa na uwasiliane na kliniki siku hiyohiyo. Madhara yakigunduliwa mapema, mara nyingi macho hurudi, na dawa huanzishwa tena kwa dozi ndogo.

Vidoa vyeusi vinavyoelea ghafla, au kama pazia limeshuka kwenye jicho moja, ni jambo jingine: sikoseli yenyewe huweza kupasua mishipa ya retina. Nenda hospitali yenye daktari wa macho mara moja.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Jinja: Mwanangu ana macho ya manjano. Ni dawa?*
Mama, mara nyingi ni seli nyekundu zinazovunjika. Lakini manjano yakizidi ghafla naye anameza deferasiroksi, ini lipimwe.

*Tumekosa sindano siku tatu. Niongeze dozi leo?*
Hapana. Endelea na dozi ya kawaida. Kufidia kwa mkupuo ni njia ya haraka ya kuumiza macho.

*Zahanati imesema haoni usiku kwa kukosa vitamini A, ikampa matone. Yatosha?*
Upungufu huo upo, hasa kwa watoto wadogo, na dalili hufanana. Kwa anayetumia deferoksamini hayatoshi: retina iangaliwe na feritini ya karibuni itazamwe. Waambie zahanati jina la dawa, wengi hawaijui.

*Amesoma namba zote za kitabu cha rangi. Yuko salama?*
Kitabu cha Ishihara hutafuta hasa tatizo la nyekundu na kijani. Bluu na manjano hakizigusi, kwa hiyo kipimo cha retina bado kinahitajika.