Kadi za wachezaji wa zamani: kuzikagua na kuzitunza ukiwa Tanga

Babu yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Meneja alipofunga mizigo kurudi Uingereza alimwachia babu sufuria mbili, koti la mvua na kopo la biskuti lililojaa vijikadi vya picha za wachezaji wa kriketi, vile vilivyokuwa vikitoka ndani ya pakiti za sigara. Babu hakuwa mvuta sigara, kriketi hakuwahi kuicheza, lakini lile kopo alilitunza mpaka siku alipofariki. Wale wachezaji alikuwa akiwaita "watu wa nguo nyeupe". Nilipokuwa mdogo alikuwa akinipangia mkekani mmoja mmoja, na sharti lake lilikuwa moja tu: mjukuu anawe mikono kwanza, kisha aikaushe.

Sasa kopo liko kwangu. Nina steshenari Ngamiani. Natoa kopi, nachapa barua, nafunga vitabu, na pembeni ni wakala wa pesa. Karatasi nimeishika miaka ishirini na kitu, tabia zake nazijua. Siku hizi haupiti muda mrefu bila mtu kuja na kadi au stika za wachezaji alizozikuta kwenye sanduku la marehemu, na swali la kwanza ni bei. Juzi kaja kijana wa bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Eti kweli kadi moja ya mchezaji imeuzwa mabilioni?"

Ni kweli. Agosti 2022 kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa Marekani kwa dola milioni 12.6, karibu shilingi bilioni 30 kwa kiwango cha wakati ule. Lakini nilimwambia bei tutaizungumza mwisho. Hapa pwani kadi nyingi hufa kabla hazijapata hata wa kuziuliza bei, na wanaoziua ni sisi wenyewe tunaozipenda.

Basi, jambo la kwanza: usiifanyie kadi laminesheni. Nalisema mimi ambaye mashine ninayo na pesa yake naipata. Mwaka wa kwanza wa duka alikuja mzee na kadi mbili za sigara, akataka zifunikwe zisichakae. Nikaziingiza. Ile plastiki ina gundi inayoyeyuka kwa joto na kuzama ndani ya karatasi. Ikishazama, haitoki tena bila kung'oa uso wa picha. Kadi ya pili ilitoka na povu la hewa juu ya uso wa mchezaji. Mzee alishukuru, akalipa, akaondoka. Mimi baadaye ndipo nilipokuja kujua nimemfanyia nini, na hadi leo linaniuma. Mtu akija na kadi ya zamani namwambia hapana, namweleza sababu.

Ndugu wa laminesheni ni selotepu, gundi, albamu za picha zenye kurasa za kunata, na raba bendi ya kufungia noti. Raba bendi kwa joto letu huyeyuka ikawa kama lami, ikaacha mstari wa kahawia katikati ya kadi yote. Kalamu ya wino usiiguse kabisa. Ukitaka kuandika kitu, andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni.

Sasa unyevu, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo vita ilipo. Wanaotunza karatasi za kale hupenda unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 50. Kipima unyevu changu, kile kidogo cha betri, mwezi wa nne kinasoma 80 na zaidi nikiwa ndani ya duka. Karatasi inakunywa ile hewa, inavimba, inajikunja, inaota madoa ya rangi ya kutu, kisha wanaingia wale vidudu wa rangi ya fedha wanaoteleza kama samaki. Wanapenda wanga na gundi, na kadi ya zamani ina vyote viwili.

Kadi za babu ni za John Player & Sons wa Nottingham, seti ya wachezaji wa kriketi ya mwaka 1938, kadi 50 kwa seti; kwenye kopo zilikuwamo 43. Player walikuwa wamepaka gundi nyuma ya kadi hizo ili mtu alambe na kubandika kwenye albamu, kama stempu. Uingereza huenda halikuwa tatizo kubwa. Kwenye kopo la biskuti, miaka na miaka ya masika ya Tanga, gundi ile ilijilamba yenyewe. Kadi 12 ziligandamana zikawa bonge moja, nene kama kipande cha sabuni ya mche. Ukilitazama kwa ubavu unaona kingo zote 12, nyeupe na kahawia, nyeupe na kahawia.

Nilijaribu kutenganisha tatu za juu. Maji ya uvuguvugu kwenye sahani, bila sabuni, nikaacha zielee zenyewe bila kuzivuta. Baada ya dakika arobaini ya kwanza iliachia, ya pili ikafuata. Niliziweka kifudifudi juu ya tishu nyeupe isiyo na maua, tishu nyingine juu, kisha vitabu vinne vizito kwa siku tatu, tishu nikibadilisha kila asubuhi. Zilinyooka, ila mng'ao wake ulipotea. Ya tatu sikuisubiri. Niliisaidia kwa ukucha, na ngozi ya picha ikabaki kwenye ya nne: mtu ana miguu na gongo, kichwa hana. Tisa zilizobaki sijazigusa tena. Ushauri wangu kwa mwenye bonge kama hilo ni aliache lilivyo mpaka awe na subira kuliko niliyokuwa nayo siku ile, na aanze na kadi asiyoililia.

Kwa zilizo huru, mimi nafanya hivi. Kila kadi inaingia kwenye kifuko chake cha plastiki laini. Uliza kama ni polipropilini au poliesta. Ile PVC laini yenye harufu kali, kama ya mapazia ya bafuni, ikae mbali, kwa sababu hutoa mafuta yanayonata na kula wino. Vifuko vinaingia kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana na mpira, na ndani naweka silika jeli, zile chembe za pakiti ndogo kwenye masanduku ya viatu. Wenye maduka ya viatu wanazitupa, waombe. Pakiti moja ndogo haitoshi, mimi naweka kiganja kizima ndani ya soksi safi ya pamba. Chembe zinachoka. Zile za buluu zikishiba maji hugeuka pinki, na hapo nazikausha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo wa mkaa, mpaka buluu irudi. Kikaango hicho hakipikii chakula tena, maana rangi ile ni sumu. Wako wanaotumia mchele. Mchele una vumbi na unaita wadudu, usiutumie.

Wakati wa kufunga kontena ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukilifunga mwezi wa nne, umefungia masika humo humo ndani. Mimi nafunga wakati wa kaskazi, Januari au Februari, mchana wa jua, kadi zikiwa zimekaa nje ya kopo kivulini kwa saa kadhaa. Silifungui tena mpaka mvua zimalizike, isipokuwa kubadilisha silika. Kontena linakaa rafu ya juu, ukuta wa ndani wa nyumba. Ukuta unaopigwa na mvua hutoa jasho. Na vipande vya magazeti ya zamani usiviweke pamoja na kadi hata kama vinahusu mchezaji yule yule. Gazeti lina asidi, litaipaka kadi umanjano wake.

Haya, una nini mkononi? Pima kwa rula. Kadi ndogo za sigara za Waingereza nyingi zina urefu wa milimita 68 na upana 36, ndogo kuliko kadi ya benki. Ziliwekwa kwenye pakiti laini ili sigara zisipondeke, kisha wenye kampuni wakagundua kuwa watu wanarudi dukani kwa ajili ya picha. Vita vya pili vya dunia vilipoleta uhaba wa karatasi, karibu mwaka 1940, zikakoma. Kadi za Marekani zilizofuata kipimo cha Topps cha tangu 1957 ni kubwa zaidi, takriban milimita 64 kwa 89. Stika za kampuni ya Panini ya Modena, Italia, zilianza Kombe la Dunia na Mexico 1970. Kwa sisi Waafrika albamu tamu ni ya 1974, maana humo wamo Zaire, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika fainali hizo.

Ikiwa kadi yako yadaiwa ni ya kabla ya vita, ipeleke kwa wakala wa pesa yeyote mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Zima taa za duka, weka kadi kando ya karatasi mpya ya kopi. Karatasi ya kopi itawaka buluu-nyeupe, kwa kuwa viwanda vya siku hizi vinatia dawa ya kung'arisha. Karatasi ya 1938 haina dawa hiyo. Kadi ya babu chini ya taa inabaki imefifia kama mkeka uliochakaa. Ikiwaka kama karatasi ya kopi, ni chapa ya baadaye, na seti nyingi za sigara zimechapwa upya. Lakini shika hili vizuri: taa inamkamata mpya tu. Isipowaka hujathibitisha kitu bado, chukua lenzi. Tazama herufi za jina. Kwenye kadi halisi wino wa herufi umejaa, ukingo wake umekatika safi. Kwenye kopi iliyopigwa kwa skana, herufi yenyewe imejengwa kwa vitone vya rangi. Kisha zipange kadi za seti moja kama karata na ugonge mezani. Iliyo fupi kuliko wenzake imekatwa kingo ili pembe zionekane mpya, na thamani yake imeanguka.

Sasa bei, niliyomwahidi yule kijana. Uzee peke yake haulipi. Kadi ya Mantle ni adimu kwa sababu mzigo wa 1952 ambao haukununuliwa ulikaa ghalani, na mwaka 1960 Topps wakaupakia kwenye tishari na kuumwaga Atlantiki. Ile ya Honus Wagner, mchezaji mwingine wa besiboli, iliyotoka kati ya 1909 na 1911 kwenye sigara, iliacha kuchapwa mapema. Moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Kadi za Player za 1938 zilichapwa kwa wingi sana, na hata ya Don Bradman, jina kubwa kuliko yote kwenye kopo la babu, haiwezi kukununulia bodaboda. Kadi za besiboli za mwisho wa miaka ya 80 nazo zilichapwa kupita kiasi, watu wakazificha wakitarajia utajiri, na nyingi hazina mnunuzi. Kuanzia 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa korona, mbio za kadi zilipamba moto hadi PSA, kampuni ya Marekani inayokagua kadi na kuzipa alama 1 mpaka 10, ikasimamisha maombi mengi mwaka 2021 kwa kuelemewa. Kutoka Tanga sioni haja ya kutuma kadi huko, ila thamani yake iwe inazidi mara kadhaa gharama ya kwenda na kurudi.

Ukiangalia bei mtandaoni, tazama zilizokwisha kuuzwa. Bei iliyobandikwa ni ndoto ya muuzaji. Ukinunua, dai picha ya mbele, ya nyuma, na ya pembe nne juu ya kitambaa cheusi, pamoja na kikaratasi chenye tarehe ya leo kando ya kadi. Muuzaji mkweli hachukii. Na ikija kwa mzigo wa basi kutoka Dar, mwambie aiweke kati ya makadibodi mawili ndani ya nailoni, kisha kwenye boksi gumu, maana buti la basi halina huruma.

Ungetaka kuanza kukusanya bila pesa nyingi, anza na vya hapa hapa: tiketi za uwanja wa Mkwakwani, picha za studio za Coastal Union ya 1988 iliyochukua ubingwa, za African Sports, kadi za uanachama za wazee. Hivi hakuna anayevighushi, na kila masika vinapungua. Kila kimoja kiwe na kikaratasi chake: nani alikupa, lini, yeye alikipata wapi. Kwangu kikaratasi cha kopo kimeandikwa jina la babu na shamba, na neno lake la "watu wa nguo nyeupe" kama alivyolitamka.

Mwenye kopo lake aje dukani mchana, kadi zikiwa kavu na mikono imenawa. Taa na lenzi sitozi pesa. Kwa laminesheni, njoo na cheti cha shule.