Kuunda modeli ya F-5: kazi yote iko kwa mshono

Kama unataka kuunda ndege ya kivita ya plastiki na hujawahi, anza na F-5, zile za jeshi letu zinazokaa Nanyuki. Ni nyembamba, haina mambo mengi, na kwa skeli ya 1/72, yaani mara 72 ndogo kuliko ndege halisi, inatoka sentimita 20 hivi, hata kwa meza ya bedsita inatoshea.

Osha vipande na sabuni ya vyombo vikiwa bado kwa fremu, ile plastiki inayovishikilia kwa boksi, juu huwa na mafuta ya kiwandani na rangi haishiki. Chumba cha rubani kijenge na ukipake rangi kabla ya kufunga mwili. Pia weka uzito kwa pua, nati ndogo ama risasi za kuvulia samaki, uzigundishe zisicheze, la sivyo ndege itakalia mkia na ukishafunga hakuna mahali utapitia.

Sasa mshono, yaani pale nusu mbili za mwili zinakutana, na hapa ndio naomba usiharakishe. Shikanisha zile nusu mbili, pitisha gundi ya plastiki ya majimaji na brashi, itaingia yenyewe, halafu finya polepole hadi uone uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka ukitokeza juu. Usiupanguse! Huo uzi ndio unajaza pengo, uache hadi kesho ukauke kabisa ndio uusugue na msasa wa maji, namba 400, 800, alafu 1000 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), ile ya mafundi wa rangi za magari, Kirinyaga Road, Nairobi, hukosi. Puliza praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza ya chini, na uitazame kimshazari dirishani. Ukiona mstari wa mshono, rudi na msasa, hata kama ni mara ya tatu, juu rangi haifichi mshono, inauonyesha zaidi.

Kioo cha rubani usikibandike na supaglu, mvuke wake unakiachia ukungu mweupe, tumia gundi nyeupe ya mbao.

Rangi puliza tabaka nyembamba nyembamba, nje ama dirisha likiwa wazi, na barakoa. Vanishi usipulize siku ya mvua, unyevu unaifanya iwe kama maziwa. Stika za alama za ndege zinataka vanishi ya kung'aa chini yake, ndio hewa isibaki ndani, chovya kwa maji, ngoja zilegee, telezesha, alafu funika na vanishi isiyong'aa.

Magurudumu, makombora na ule mrija wa puani bandika mwisho kabisa, vinavunjika ukigusa tu.