Kumtafuta mmiliki wa zamani wa kitabu cha kale chenye picha

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Usikifungue kitabu zaidi ya nyuzi 120. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kila jalada, maana ngozi iliyokauka hupasuka pale jalada linapokutana na mgongo.

Anza ndani ya jalada la mbele. Hapo wenye vitabu walibandika karatasi ndogo yenye jina, mara nyingi na nembo ya ukoo na maneno ya Kilatini "ex libris", yaani "kutoka vitabu vya". Usiibandue, hata kona ikiwa imeinuka: itang'oka na tabaka la juu la karatasi ya chini, na ushahidi utakwenda nayo. Jina lililofutwa kwa raba huacha mfereji wa penseli. Zima taa, laza tochi karibu usawa wa ukurasa, na herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Wino wa chuma (wino wa zamani wenye chumvi za chuma) uliofifia huonekana mweusi zaidi chini ya taa ya urujuanimno (UV) ya nanomita 365; mulika kwa muda mfupi tu.

Kisha hesabu picha moja moja ukizilinganisha na orodha ya picha iliyomo kitabuni. Ramani na michoro ya nchi za mbali hukatwa na kuuzwa peke yake, hivyo tafuta vipande vyembamba vya karatasi vilivyobaki karibu na mshono.

Ramani iliyobaki ndiyo shahidi bora. Mstari wa penseli kutoka bandarini kwenda bara, wenye tarehe pembeni, huenda ni safari ya mmiliki mwenyewe. Usiufute kamwe.