Mtoto anaimba ukurasa lakini hasomi: jinsi ya kumvusha, darasa la kwanza na la pili

Nimekuwa nikimsaidia mwalimu mgeni aliyepangiwa darasa la pili lenye watoto zaidi ya 80. Wakifungua kitabu, darasa zima linatiririka kwa sauti moja hadi barabarani wanasikia. Mwite mmoja, ziba picha kwa kiganja, umwonyeshe mstari wa katikati ya ukurasa: kimya. Walimu wengi wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mnaijua hali hii. Watoto hawa si wazito, wamekariri tu. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Mpime kila mmoja peke yake

Usipime kwa kitabu cha darasa, wameshakimeza. Andika karatasi yako: herufi, silabi, maneno, aya fupi, kisha kihadithi. Uwezo, mradi uliopima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda, ulitumia ngazi zinazofanana na hizi. Mtoto akikwama, hapo ndipo alipo. Panga makundi kwa ngazi hizo na uyape majina ya matunda, maana kundi likiitwa "wa mwisho" mtoto ataamini.

Hatua ya 2: Sauti kabla ya jina la herufi

Anza na irabu 5, kisha konsonanti zinazovutika kama m, l, s na n. Herufi b ifundishwe kwa sauti yake, wala si "be". Aliyezoea "be" na "a" atakusomea "bea", halafu tunamlaumu.

Hatua ya 3: Kutoka silabi hadi neno

Hapa ndipo wengi wanakwama, na ndipo utakapotumia muda wako mwingi, kwa hiyo usiharakishe.

Mtoto anasoma "ka", "la", "mu" bila kosa. Muulize ni neno gani, anajibu "mu", au anabuni "kalenda". Kisa ni kwamba akihangaika na silabi ya tatu, ya kwanza imeshampotea. Kumrudishia "ba be bi bo bu" ubaoni hakumsaidii, silabi anazijua. Kinachomshinda ni kuziunganisha.

Tumia kadi. Mimi nazipenda kuliko ubao kwa sababu kadi inasogea. Kata manila, silabi moja kila kadi, herufi ndogo, maka peni nyeusi. Kama manila hakuna, maboksi ya biskuti yanatosha.

Weka "li" na "ma" mezani, umbali wa kiganja kati yake. Mtoto aanze "liii" bila kukata sauti huku wewe unaisogeza "ma" taratibu. Kadi zikigusana, sauti nayo iingie: "liiima". Lugha yetu inatusaidia hapa, kwani silabi nyingi huishia na irabu, na irabu inavutika. Kisha aseme upesi: lima.

Sasa badilisha kadi moja moja: lima, lipa, kipa, kiti. Neno linageuka mkononi mwako, hakuna cha kukariri. Utamwona anaacha kukutazama usoni na kuanza kutazama kadi.

Neno la silabi tatu lijengwe kwa kurudi mwanzo kila mara: ka, kala, kalamu. Halafu alitamke kama anavyoongea. Jambo hili husahaulika sana. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto anayesoma silabi zote kwa uzito uleule hasikii neno lolote. Akisema "kalAmu" ndipo anatabasamu na kukuonyesha kalamu.

Tahadhari zake:

- Simama nyuma ya mtoto. Ukiwa mbele yake atasoma midomo yako.
- Akinyamaza, hesabu kimya mpaka tano kabla ya kumsaidia. Wenzake wasimnong'oneze, na asichekwe. Fimbo isiwepo kabisa, mtoto mwenye hofu hubahatisha.
- Akisoma "karamu" badala ya "kalamu", mwambie akuonyeshe kitu chenyewe. Akiinua kalamu, amesoma. Lugha nyingine za nyumbani hazitenganishi r na l, kwa hiyo shughulikia matamshi siku nyingine.
- Mara mojamoja mpe neno lisilo na maana, kama "tamilo", ukimweleza kwamba ni la mchezo. Hilo hakuna anayelijua kwa kichwa.

Usivuke hatua hii mpaka mtoto asome maneno mapya, peke yake, bila wimbo.

Hatua ya 4: M, n na ng'

M inayosimama peke yake ni silabi kamili: m-tu, m-to-to. Mtoto apige kofi kwa kila silabi, la sivyo ataingiza irabu na kusoma "mutu". Katika "mbuzi" m haijitengi: mbu-zi, makofi mawili. Lakini "mbu", yule mdudu, naye ana mawili: m-bu. "Nchi" na "nje" vivyo hivyo. Kwa ng na ng', weka "ngoma" na "ng'ombe" pamoja ukutani hadi waizoee alama ile ndogo.

Hatua ya 5: Vitabu vifikike

Kitabu kilichofungiwa kabatini hakimsaidii mtu. Funga kamba ukutani, kimo cha mtoto, utundike vitabu kwa vibanio vya nguo. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za kupakua na kuchapa bure. Chapa, kunja, shona mgongo kwa uzi.

Kila siku kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, wasomee hadithi kwa dakika 10, kwa sauti za wahusika. Ishia panapowashika, kisha kiache kitabu kwenye kamba. Watakigombania.

Hatua ya 6: Nyumbani

Weka daftari la kuazima, mtoto aandike jina lake mwenyewe. Mzazi asiyejua kusoma mwambie asikilize tu, kisha aulize: "Halafu ikawaje?" Kitabu kikirudi kimechanika, usimtoze mtoto wala kumnyima kingine. Bandika solotepu, kiazimwe tena kesho.